Kichwa Kilichokamatwa na Mtani

Tangu nistaafu, mke wangu amegundua kwamba nyumba yetu ni ndogo. Miaka yote alidhani ni kubwa, kumbe ukubwa wake ulikuwa mimi kutokuwepo. Ndiyo maana vijana wa kituo cha afya waliponiomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa, yeye ndiye aliyekimbia dukani kununua kalamu. Basi someni, wadogo zangu. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa kuwa navyo viliniruka mimi. Nitaeleza kazi yenyewe, hasa ile iliyonipa jina: unesi wa kubeba begi uwanjani. Jina nililopewa na baba yangu analijua mama yangu na ofisi ya mafao. Mtaa mzima wa Isevya, hapa Tabora, unaniita Sponji.

Kituoni niliingia kama mfagizi. Siku ya kwanza nilipiga deki korido kwa sabuni nyingi kiasi kwamba nusu ya waliokuja na homa waliondoka na michubuko. Sista Salma, aliyekuwa nesi mkuu, akatoka chumba cha sindano akashika kiuno. Alikuwa mama wa Kiarabu wa hapahapa Tabora, ukoo wa wenye maduka, mwembamba kama sindano na mkali kuizidi.

"Wewe umetumwa na nani?"

"Shikamoo, Sista. Nimetumwa na ofisi, kufagia."

"Marahaba. Nilidhani umetumwa na wachonga majeneza."

Ndiyo salamu tuliyoanzia, na tuliendelea hivyo mpaka alipostaafu. Lakini ni yeye huyohuyo aliyenisukuma kwenye masomo ya jioni. Alisema mtu anayeuliza maswali mengi kama mimi ama apelekwe shule ama afungwe mdomo kwa plasta, na plasta zilikuwa chache. Nikasoma nikiwa na ndevu, kwenye darasa moja na mama ntilie na mlinzi aliyekuja na rungu lake na kulilaza juu ya dawati, hata mwalimu akawa anatusahihishia kwa huruma. Siku ya somo la moyo, mwalimu alichora ubaoni, mama ntilie akanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo ni firigisi." Hatukuweza kuelewana na mwalimu wiki nzima. Nilifaulu hata hivyo, nikaenda chuo cha uuguzi nikiwa babu wa darasa, nikarudi na gauni la bluu bahari ambalo kwa wanaume huitwa koti.

Kila Jumapili kulikuwa na bonanza la maveterani, yaani wanaume wenye vitambi wanaokumbuka walivyokuwa bila vitambi. Waliomba kituo kiwapatie nesi wa kukaa pembeni ya uwanja. Wenzangu wote ghafla wakawa na ibada, misiba na wageni. Sista Salma akanikabidhi begi: bandeji, mkasi, tochi ndogo, ndoo, na sponji la njano.

Hilo sponji nalo lina habari zake. Watu waliamini lina dawa. Mchezaji ameanguka, anagaagaa, analia jina la mama yake. Nikifika na sponji anasimama akiwa mzima. Siri yake niwape bure: maji ya ile ndoo yalikuwa ya baridi na machafu, na hakuna binadamu mwenye akili aliyetaka kuguswa nayo mara mbili.

Kwa kichwa, hata hivyo, sponji halina kazi. Hilo alinifundisha Sista Salma akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakunywa kahawa chungu, uwanja hautazami kabisa.

"Aliyegongwa kichwa usimuulize jina lake," alisema. "Jina lake hata mlevi analijua. Muulize: tuko uwanja gani? Tunacheza na nani? Nani kafunga bao la mwisho? Wiki iliyopita tulicheza na nani? Akikosea, au akikutazama kama wewe ndiye uliyegongwa, anatoka. Harudi siku ile hata mkewe akimwombea. Akitapika, akisinzia ovyo, kichwa kikizidi kuuma, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko mwenzake, hospitali mbio. Umesikia?"

"Nimesikia, Sista."

"Rudia."

Nilirudia mpaka kahawa ikapoa. Mpaka leo nikimkuta mtu amelala barabarani naweza kumuuliza nani kafunga bao la mwisho.

Sasa lazima niwaeleze mchanga wa Isevya, kwa sababu ndio ulioanzisha balaa. Uwanja wetu ulikuwa na mchanga wa kumeza baiskeli na mwendeshaji wake. Mpira ukipigwa chini unakwenda hatua mbili, unachoka, unakaa. Kwa hiyo watu wetu hawakucheza chini. Mpira ulipita angani kutwa nzima kama kunguru, na ukishuka ulishukia vichwani. Tena ili udunde angalau kidogo, waliujaza upepo mpaka ukawa kama jiwe la kusagia. Aliyeujaza alikuwa Ndahani, fundi baiskeli, Mgogo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli akasahau kurudi kwao. Alipampu kwa mguu, akaubisha kwa kidole kama mtu anayebisha hodi. Ukilia "ngo!" anasema umeiva.

Na juu ya hayo kulikuwa na desturi moja ambayo sijaisikia penginepo duniani, na dunia nimeitembea, nimefika hadi Tura. Waliiita kurudishia. Mchezaji akigongana kichwa na mwenzake, akawa anapepesuka, wenzake hawakumtoa nje. Walimrushia mpira mwingine aupige kichwa, ili akili zirudi mahali pake. Waasisi walikuwa mafundi wa karakana. Hoja yao ni kwamba redio ikikatika unaipiga kofi moja inaimba. Basi kichwa nacho kina tofauti gani? Nilipigana na desturi hiyo kuliko nilivyopigana na malaria. Kila Jumapili nilihubiri. Kila Jumapili waliniitikia "sawa Sponji," wakaendelea.

Bingwa wa vichwa alikuwa Shabani Mihayo, fundi cherehani. Huyu aliruka juu hata nikadhani anakwenda kuazima kitu mbinguni. Kona zote zilikuwa zake, mabao yote ya kichwa yalikuwa yake, na kabla ya mechi alijipasha moto kwa kurushiwa mipira ya kupiga kichwa mfululizo, watoto wakishangilia. Kwenye kazi yake alikuwa na sifa nyingine. Hakuwa na haja ya kuandika vipimo. Alikuzungushia futi mara moja tu, akakuangalia, basi. Ukirudi baada ya miaka mitatu anakwambia, "Kiuno kimeongezeka. Shemeji anakupenda." Kichwa chake ndicho kilichokuwa duka, cherehani ilikuwa kibarua tu.

Jumapili moja, Mihayo aligongana na beki wa timu ya Igunga. Sauti ya mgongano niliisikia tumboni. Beki alilala, Mihayo alisimama, akitabasamu, akaanza kutembea kuelekea goli letu wenyewe kwa heshima zote. Nikaingia uwanjani na begi.

"Mihayo, tunacheza na nani?"

"Na Nzega."

"Nani kafunga bao la mwisho?"

"Mimi," alisema kwa fahari. Ilikuwa bado sare ya bila kwa bila.

Nyuma yangu nikasikia kapteni wetu, muuza mbao mwenye sauti ya msumeno, akipiga kelele: "Mrudishieni! Mrudishieni!" Mpira ukarushwa. Nikaruka nikaudaka kwa mikono miwili, mimi ambaye tangu nizaliwe sijadaka hata embe. Uwanja mzima ukanizomea. Refa, kwa kukosa sheria ya kumwadhibu nesi, akanipa kadi ya njano. Nilimtoa Mihayo nje nikimshika kiuno kama bibi harusi, tukapitia hospitali, wakamtazama, wakamruhusu na onyo la kupumzika. Alipumzika mpaka Jumapili iliyofuata.

Miezi ikapita. Nilianza kusikia habari za ajabu kutoka sokoni. Mihayo amemshonea mfanyabiashara wa ng'ombe kanzu inayomtosha mjukuu. Mihayo ameshona suruali yenye miguu miwili ya kulia. Watu walicheka, nami nilicheka, kwa kuwa mwenye suruali aliivaa hivyohivyo akatembea kama anayekata kona. Kisha asubuhi moja mkewe, Mama Tausi, akamleta kituoni, yeye mbele, mume nyuma kama mtoto wa chanjo.

"Shikamoo, kaka Sponji," alisema Mihayo. Mimi na yeye tumepishana miaka kidogo tu, lakini alikuwa na adabu.

"Marahaba. Vipi, goti?"

"Goti zima. Nimeletwa."

Mama Tausi hakukaa. "Shemeji, juzi ameniuliza Tausi yuko darasa la ngapi. Tausi ana mtoto anayenyonya! Nikadhani mzaha. Jana ameniuliza tena."

Hapo sikucheka. Nikawapeleka kwa Dokta Neema, binti mdogo kwa umri lakini anayejua kazi yake vizuri kuliko wengi niliowahi kuwashikia sinia. Alimpima presha, ikawa juu. Akaagiza sukari ipimwe. Akamuuliza habari za usingizi, za kichwa kuuma, za hasira. Mama Tausi ndiye aliyejibu zile za hasira. Kisha akamuuliza kuhusu mpira, na Mihayo akachangamka kama taa iliyowekewa betri mpya.

Alipomaliza kusimulia vichwa vyake vyote, daktari akamuuliza, "Baba, umewahi kuona maziwa yakisukwa kwenye kibuyu?"

"Mimi ni mtoto wa wafugaji, Dokta."

"Kibuyu kinapasuka?"

"Hapana. Kinakaa miaka."

"Na maziwa ndani yanabaki maziwa?"

Mihayo akajipapasa utosi. Daktari akaendelea taratibu. Alisema ubongo umekaa ndani ya fuvu kama maziwa kwenye kibuyu. Kila mpira unaopigwa kichwa unautikisa kidogo, hata pale ambapo mtu haoni kizunguzungu wala haanguki. Alisema wataalamu bado wanabishana ni vichwa vingapi ndivyo vingi, hasa kwa watu wa bonanza kama sisi, lakini waliopiga vichwa maisha yao yote, wale wa mpira mkubwa, wengi wao wameonekana kupata shida ya kusahau uzeeni kuliko watu wengine. "Siwezi kukuapia kwamba ni mpira peke yake," alisema. "Presha nayo inachangia, tutaitibu. Mengine tutayatafuta. Lakini kati ya vyote hivi, kuna kimoja unaweza kukiacha leo bila dawa wala gharama. Cheza, kimbia, piga mashuti. Kichwa acha."

"Dokta," alisema Mihayo, na sauti yake ilikuwa ndogo, "nikikiacha watasema nimeuogopa mpira. Kona ikija mimi nitasimama wapi?"

"Simama na akili zako," alijibu Mama Tausi.

Lakini mwanamume haachi jambo mbele ya wanaume wenzake kwa sababu tu ni sahihi. Jumapili ikafika, Mihayo akaahidi hatapiga, kona ikaja, akapiga. Kapteni akambeba mabegani. Nikamwomba kapteni ampumzishe, akauliza kwa nini, na mimi siri ya mgonjwa sikuwa na ruhusa ya kuitoa. Nikasema "goti." Kapteni akasema goti halipigi kichwa. Kwa mara ya kwanza kwenye kazi yangu nilishindwa hoja na muuza mbao.

Mimi nilikuwa nimekula kiapo cha kunyamaza. Mama Tausi hakuwa amekula kiapo chochote. Alikwenda moja kwa moja kwa Ndahani, pale penye kibanda cha baiskeli, akamwambia: "Mtani, mume wangu anakwisha."

Kwa ninyi mliokuja Tabora juzi kwa uhamisho niwaeleze. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Babu zetu wapagazi walipita Ugogo na pembe za ndovu vichwani wakielekea pwani, na huko maji ni ya shida. Waligombana na wenyeji visimani mpaka pande zote zikachoka, wakaamua ni nafuu kutukanana kwa kucheka. Tangu hapo mtani ana haki ambayo hata polisi hana. Anaweza kuja msibani kwako akamwita marehemu mvivu aliyelala mchana, nawe unamshukuru. Anaweza kukukamatia kofia, jogoo au sahani ya wali uliyokwishanawa mikono kuila, akaondoka nayo. Ukikasirika, aibu ni yako na ya ukoo wako.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tunacheza na wakulima wa Lusu, wanaume wenye vifua kama maghala. Wachezaji wetu wanafunga kamba za viatu, mara tukasikia kilio. Ndahani huyo, amejifunga kanga ya mkewe kichwani, pampu ya baiskeli begani kama bunduki, anajipiga kifua.

"Uwiii! Nani kafa?" kapteni akauliza.

"Hajafa bado, nimewahi!" alijibu Ndahani. Akapita katikati ya watu mpaka kwa Mihayo, akamwekea mikono yote miwili utosini. "Sikilizeni, enyi wabeba mizigo! Babu zenu walikuja kwetu wakanywa maji yetu mpaka ng'ombe wakabaki na ulimi nje. Leo nimekuja kukamata. Nakamata hiki hapa."

"Kamata kofia, mtani," Mihayo alicheka. "Kichwa niachie."

"Kofia haina kitu ndani."

"Na kichwa changu je?"

"Kimebaki nacho kidogo," alisema Ndahani. "Hicho kidogo ndicho ninachokiwahi."

Watu wote wakaangua kicheko. Mihayo naye alicheka, lakini mimi nilikuwa karibu, niliona kicheko kilivyomwishia njiani. Walitazamana, mtani na mtani. Kisha mabega ya Mihayo yakashuka, kama mpagazi aliyefika kambini akaambiwa tua.

"Kuanzia leo ni mali yangu," Ndahani alitangaza kwa sauti ya mnada. "Wewe nakuazima tu, uvalie kofia, usujudie, na umsikilize mkeo. Mpira ukikigusa, umenigusa mimi, na mimi ndiye ninayejaza mpira wenu. Mtacheza na boga!"

"Mtani, leo ni Lusu!" kapteni alilia. "Kona nani atapiga?"

"Pigeni kwa makalio, mnayo ya kutosha."

Kapteni akarudi kwenye kamba za viatu vyake. Angegombana na mimi, angegombana na daktari, na mkuu wa mkoa angegombana naye. Lakini kumkatalia mtani mbele ya watu hakuweza. Ndahani akainama, akauchukua mpira, akautoa upepo kidogo, akauminya kwa dole gumba ukaitika. Tangu siku hiyo haujalia tena "ngo!"

Msije mkadhani hapa kuna muujiza, kwa hiyo niseme kabisa. Mihayo hakurudi kuwa yule wa zamani. Presha ilishuka kwa dawa, kichwa kikapungua kuuma, na Dokta Neema anasema hali imetulia, naye hupenda kusema kidogo kuliko anachojua. Zipo siku anapima mteja mara mbili kwa sababu ya kwanza imemtoka. Lakini anajua Tausi yuko wapi, na mjukuu anamwita kwa jina. Na kurudishia kumekufa Isevya, kwa sababu Ndahani alikwenda akawakamata vichwa wote mmoja mmoja, alipoona kukamata kwa kwanza kumekubalika.

Ila siku ile ya Lusu hakuna aliyejua kama kutakubalika. Kichwa ni kitu cha mazoea. Mwili unaruka kabla mtu hajaulizwa. Lusu walitufunga bao mapema, tukahangaika kwenye mchanga mpaka jua likaanza kulala. Dakika za mwisho winga wetu akapata nafasi, akaangalia juu kwa mazoea yake, akamimina krosi. Kipa wa Lusu alitoka, akateleza, akakaa chini kama anayesubiri chai. Goli tupu. Na mpira ukaja mzuri, wa polepole, sawasawa na paji la uso la Shabani Mihayo.

Uwanja mzima ulisimama. "Kichwa! Kichwaaa!" Nadhani walisikika mpaka Sikonge. Mimi nilikwishashika begi. Ndahani, pembeni yangu, aliacha kutafuna muwa. Nilimwona Mihayo anakunja magoti, vilevile alivyokunja maisha yake yote kabla ya kupaa, na nikafumba macho, ingawa kuna mambo nesi haruhusiwi kuyafumbia macho na hilo ndilo mojawapo.

Nilipofumbua, alikuwa bado amekunja magoti. Alikuwa ameinama, mikono miwili juu ya utosi, kama mtu anayevuka mlango mfupi na ndoo ya maji kichwani. Mpira ulimpita juu kwa upole, ukadunda, ukatoka nje.

Winga akashika kichwa. Kisha kapteni akapata sauti. "Mihayo! Goli tupu! Goli tupu, Mihayo!"

Mihayo akanyooka, akafuta mchanga magotini bila haraka. "Siyo changu, kapteni," alisema. "Nimeazimwa."

Tulifungwa. Isevya nzima ilishika kiuno kwa huzuni, isipokuwa mtu mmoja. Mama Tausi alisimama peke yake kwenye mstari wa pembeni, akapiga vigelegele virefu, vya harusi kabisa, na vijana wa Lusu wakageuka wakampungia mikono, wakidhani wamepata shabiki.